Mashine ya gemu ya katikati ya kizazi: lazima iongezwe nguvu, au inatosha ikipunguzwa joto?

Mama_Banda (Magomeni, Mtwara)

Habari zenu wakuu, na Jumapili njema kwa wanaopumzika. Mimi nimefungua banda tangu saa nne asubuhi na sasa hivi ndiyo nimepata upenyo wa kuandika.

Nina banda la gemu hapa Magomeni, Mtwara mjini. TV tatu za inchi 32, PS4 (PlayStation 4) tatu, zote zile nene za mwanzo, na mabenchi aliyochonga shemeji yangu. Biashara yangu ni mpira. FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA, ndiyo inayolisha banda, eFootball kidogo. Mechi shilingi 300, aliyefungwa ndiye analipa, mshindi anabaki na padi. Wanafunzi hawaingii mpaka saa kumi jioni. Tulikubaliana hivyo na mtendaji wa mtaa na sitaki kesi naye.

Sasa msimu unakuja. Minada ya korosho ikianza, vijana wa Nanyamba na Tandahimba hela ikishaingia wanashuka mjini, na kijana mwenye hela ya korosho haulizi bei ya mechi, anauliza foleni iko wapi. Nataka nibadilishe mashine kabla ya hapo. Mdogo wangu yuko Kariakoo, kapata PS4 Pro za mtumba, na kuna PS4 Slim za mtumba bei yake iko chini. Yeye kashikilia Pro. Anasema kampuni ikitoa mashine mpya katikati ya kizazi, yaani PS4 nyingine kabla PS5 haijaja, halafu haijaongeza nguvu, huo ni wizi wa mchana, wamebadilisha kava tu. Pro ina teraflopsi (kipimo cha nguvu ya kuchora picha) 4.2, zangu zina 1.84, kwa hiyo kwake yeye mjadala umefungwa.

Kwangu haujafungwa. Slim nayo ina 1.84 ile ile na watu waliinunua. Switch ya OLED ya Nintendo iliyotoka Oktoba 2021 kwa dola 350 chipu yake haikuongezwa nguvu, walikuza kioo na kubadilisha aina yake, watu wakapanga foleni. Wote hao waliibiwa? Naomba mnisaidie kwa hoja. Mashine ya katikati ya kizazi mpaka iongezwe nguvu ndipo tuiite maboresho? Na hiyo nguvu ya Pro, mteja wangu wa mechi ya 300 ataionea wapi?

Ushabiki wa PlayStation na Xbox pelekeni uzi mwingine tafadhali. Natanguliza shukrani.

MtuWaMitwero (Lindi)

Dada chukua Pro, funga macho. Mimi niko Lindi, nina Pro na TV ya inchi 55 ya 4K, na nakwambia kuirudia ile ya kawaida siwezi. Majani, maji, nywele za mtu, kila kitu kinakaa sawa. Mdogo wako ana akili. Hii Slim ni ile ile uliyonayo imekatwa pembe. Mtu anatoaje hela kununua kitu ambacho tayari anacho?

Xbox ndio walifanya kweli kweli. One X ya Novemba 2017 ilikuja na teraflopsi 6 na memori GB 12. Hayo ndiyo maboresho. One S ya 2016 ilikuwa pambo la sebuleni.

Mama_Banda

Inchi 55 ya 4K kaka? Zangu ni inchi 32, na mbele ya kila moja kuna vichwa vya vijana wanne. Majani ya uwanja wangu hakuna anayeyatazama, wanatazama matokeo.

Fundi_Ligula (Mtwara)

Mama Banda shikamoo. Mimi ni fundi wa redio na TV, siku hizi meza imejaa mashine za gemu kuliko redio. Naomba nijibu kwa yale ninayoyaona nikishafungua mashine, teraflopsi nawaachia wenye nazo.

PS4 yako nene imeandikwa chini yake wati 250 kama kiwango cha juu, au 230 kama ni ya toleo lililofuata. Slim imeandikwa 165. Pro ya kwanza imeandikwa 310. Geuzeni mashine zenu muangalie. Hicho ni kikomo, siyo inavyokula kila dakika, lakini kinatosha kukuonyesha waliotengeneza walikuwa wanapanga nini. Slim na nene zinafanya kazi ile ile, gemu ile ile, fremu (picha kwa sekunde) zile zile. Tofauti ni kwamba chipu ya nene ilitengenezwa kwa nanomita 28, ya Slim nanomita 16. Transista zimekuwa ndogo, umeme unaohitajika umepungua, na wati isiyoliwa haigeuki joto.

Sasa hapo kwenye joto ndipo banda la Mtwara linapotofautiana na sebule ya Ulaya. Kule chumba kina nyuzi 20, mtu mmoja anacheza masaa mawili, anazima. Huku Januari hewa inayoingia kwenye feni tayari ni nyuzi 32, ndani ya banda kuna watu kumi na tano na bati halina dari, na mashine haizimwi kuanzia asubuhi mpaka saa nne usiku. Feni haitengenezi ubaridi. Inachukua hewa iliyopo inaipitisha kwenye kipozeo. Hewa ikiwa ya moto, feni inaongeza kasi, inavuta vumbi zaidi, vumbi linaziba mapezi ya kipozeo, kasi inaongezeka tena. Mwisho mashine inakuonya ina joto na inazima, mechi iko dakika ya 80. Nani analipa hapo?

Na kwa walio karibu na maji, Shangani na Mikindani, ongeza chumvi. Mashine za huko nikizifungua, skrubu zina kutu na bodi ya ndani imepata madoa ya kijani kwenye viungio. Feni inayozunguka kwa nguvu inavuta chumvi nyingi kuliko feni inayozunguka taratibu. Kwa hiyo hata uhai wa mashine umo humo humo kwenye wati.

Ndiyo maana nasema huyo mdogo wako ana swali lake, wewe una lako. Yeye anauliza mashine inaweza kuchora nini. Wewe unatakiwa uulize itafanya kazi masaa mangapi kabla haijaja mezani kwangu. Kwa swali lako, Slim ni maboresho makubwa kuliko Pro, na haikuongezwa nguvu hata chembe.

Vitu ambavyo Slim imepunguza: tundu la sauti la optiko limeondolewa, mwenye spika kubwa za kizamani ataumia, wewe hutaumia. Imeongezewa Wi-Fi ya 5 GHz ambayo nene haikuwa nayo. Hayo tu ya maana.

pikseli_moja (Mikindani)

Shikamoo mama, shikamoo fundi. Mimi nasomea kompyuta, niko likizo nyumbani Mikindani. Niongeze upande wa hesabu maana kaka wa Mitwero kataja namba bila kuzifungua.

Picha ya 1080p ina pikseli (nukta za picha) 2,073,600. Ya 4K ina 8,294,400. Ni mara nne kamili. Pro imeongezewa nguvu ya michoro kutoka 1.84 hadi 4.2, ambayo ni mara mbili na kidogo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Novemba 2016 ilikuwa wazi kwamba haiwezi kuchukua gemu iliyokuwa inaibana PS4 ya kawaida kwenye 1080p na kuichora kwa 4K yote. Walichofanya ni ufundi wa kuchora pikseli kwa kurukaruka, nusu kwenye fremu hii na nusu kwenye inayofuata, halafu mashine inakisia mapengo. Matokeo ni mazuri, sibishi, ila ni ujanja wa programu uliosaidiwa na vifaa. One X ndiyo ilikaribia kweli, kutoka 1.31 ya Xbox One ya kwanza hadi 6, mara nne na nusu, na kasi ya memori ikapandishwa mpaka GB 326 kwa sekunde wakati ya Pro ni 218. Na bado iliuzwa dola 499.

Sasa mama, TV yako. TV nyingi za inchi 32 zilizobandikwa neno HD peke yake zina pikseli 1366 kwa 768. Zidisha: 1,049,088. Hiyo ni nusu ya kile ambacho PS4 yako nene tayari inakitoa! Yaani mashine uliyonayo leo inachora pikseli mbili, TV inaonyesha moja. Ukileta Pro, unaongeza kwenye upande ambao tayari umezidi. Ni sawa na kufunga injini ya Fuso kwenye bajaji.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa teraflopsi hulipita. Nguvu iliyoongezwa kwenye Pro ilienda karibu yote kwenye michoro. Prosesa ni ile ile ya aina ya Jaguar yenye viini nane, ikapandishwa kutoka GHz 1.6 hadi 2.13. Mpira, wachezaji 22 wanaofikiri, goli linalohesabiwa, kugongana, hayo mengi ni kazi ya prosesa. Na gemu za mpira kwenye PS4 ya kawaida zinakwenda fremu 60 kwa sekunde tayari. Pro haitazifanya 120. Vijana wako watacheza mpira ule ule.

MtuWaMitwero

Dogo hesabu zako nzuri lakini unasahau Boost Mode. Programu 4.50 ya Machi 2017 iliifanya Pro isukume hata gemu za zamani ambazo hazikutengenezewa Pro. Zile zilizokuwa zinakatakata zikatulia. Hiyo ni nguvu, siyo kisio. Na 4K ya kukisia mimi naiona kwa macho yangu kila siku, siishi kwenye kikokotoo.

Pia mnaongea kana kwamba dunia nzima ina banda. Swali la dada lina sehemu mbili. Ya banda nawaachia. Ya pili ni kama mashine ya katikati lazima iwe na nguvu. Mimi nasema lazima, kwa sababu mtu aliyenunua TV mpya ya laki kadhaa anataka kitu cha kuijaza. Usipompa anahamia kompyuta.

pikseli_moja

Hapo kaka umegusa sababu yenyewe. Andrew House, aliyekuwa anaongoza upande wa PlayStation, alieleza mwaka 2016 kwamba waliona data za wachezaji wanaotaka picha kali kuhamia kompyuta katikati ya kizazi. Pro ilitengenezwa kuwazuia hao. Ni watu wako wewe, na ni sababu halali kabisa.

Lakini angalia walivyoifunga. Sony walikataza gemu za Pro peke yake. Kila gemu lazima iende kwenye PS4 ya kawaida. Maana yake mtengenezaji anaanza kufikiria gemu yake kwa mashine dhaifu, halafu nguvu ya ziada anaitumia kupaka rangi juu. Hawezi kuweka wazo ambalo mashine ya 2013 haiwezi kulibeba. Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Sega walitoa 32X mwaka 1994, kifaa cha kuipa Mega Drive, mashine yao ya zamani, nguvu, mwezi ule ule ambao Saturn, mashine yao mpya, ilitoka Japani. Watengenezaji wakagawanyika, wanunuzi wakashangaa, kikafa. Nintendo nao New 3DS ya mkononi ya 2014 waliipa prosesa kali zaidi, lakini gemu kubwa zilizoihitaji unazihesabu kwa vidole, Xenoblade Chronicles 3D ndiyo inayotajwa kila mara. Nguvu ukiifungulia unawagawa wateja, ukiibana inabaki urembo. Sioni njia ya kutoka hapo.

Halafu kuna maboresho ambayo hayakuhitaji mashine kabisa. Septemba 2016 Sony walitoa programu 4.00, ikazipa PS4 zote uwezo wa HDR (mwanga na rangi pana zaidi), pamoja na zile nene za 2013. Mtu alilala, kaamka, mashine yake imeongezewa rangi. Hakutoa senti. Labda ya TV.

Fundi_Ligula

Mwanangu hapo kwenye kutotoa senti nakuunga mkono, niongeze moja la mezani. Mama, PS4 zako unaweza kutoa diski ya ndani na kuweka SSD ya inchi mbili na nusu, ile ile ya laptopu. Ni skrubu chache tu. Gemu inafunguka haraka zaidi, na SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo benchi likigongwa hakuna diski ya kufa. Umepunguza muda wa mteja kukodolea duara linalozunguka. Kwenye banda muda huo ni hela.

Babu_Mkuti (Masasi)

Wajukuu mnahangaika. Mimi nilikuwa na banda hapa Mkuti enzi za PS2. Ile nyembamba ya 2004 ilikuja, haina nguvu zaidi, tena wameipunguza: nafasi ya diski kuu wameitoa, umeme wameuweka nje kwenye adapta. Nikanunua nyembamba. Kwa nini? Niliweza kuibeba kwenye begi pamoja na padi na kupeleka Ndanda siku ya sikukuu, nikafungia duka la rafiki yangu, na jioni nikarudi nayo. Ile nene ilikuwa mzigo wa mtu mzima.

Na adapta ya nje nayo ilikuwa na baraka zake. Umeme ukicheza, kinachoungua ni adapta. Unanunua nyingine. Nene ikipigwa, inapigwa tumboni.

PS2 imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, hakuna mashine ya sebuleni tu, isiyochezwa mkononi, iliyofika hapo, na katikati ya maisha yake haikupewa hata tone la nguvu. Ilitoka 2000, na 2013 bado FIFA 14 ikatolewa kwa ajili yake. Mpira ni wa mwisho kuondoka mashine ya zamani.

Mama_Banda

Babu nakusalimu, shikamoo. Hilo la mpira kuondoka mwisho nimelipenda, maana FC 26 ya Septemba mwaka 2025 nayo bado ilitoka kwa PS4. Na vijana wangu wanajua majina ya wachezaji wapya kuliko wanavyojua aina ya mashine.

Sasa wakuu nimekaa na daftari. Nataka mnisahihishe.

Nina kijenereta kinachobeba wati 650 bila kulalamika. TV zangu moja wati 50. Kwa mashine nene, 250 mara tatu ni 750, ongeza TV 150, jumla 900. Ndiyo maana umeme ukikatika huwa nazima meza moja, nabaki na mbili, wati 600. Na umeme hukatika saa moja jioni, saa ambayo foleni iko mlangoni. Meza ya tatu inalala wakati wa chakula chake.

Kwa Slim, 165 mara tatu ni 495, na TV 150, jumla 645. Zote tatu zinakaa. Kwa Pro, mbili tu ni 620 na TV sijawasha.

Nikahesabu na LUKU. Slim inapunguza wati 85 kwa kila mashine, tatu ni 255. Masaa kumi na mbili, uniti tatu. Fundi kasema kikomo si matumizi halisi, kwa hiyo nikakata nusu, uniti moja na nusu kwa siku. Kwa bei ninayonunulia, hiyo haifiki hata mechi mbili. Sasa mtu asije kuniambia ninunue Slim niokoe umeme, huo si utajiri. Utajiri ni ile meza ya tatu saa moja jioni.

Fundi_Ligula

Hesabu imekaa. Ila jenereta usiibane mpaka 645 kwenye karatasi ukidhani ndiyo kazi ya kila siku. Kwenye mpira Slim inakula chini ya hapo, kwa hiyo una nafasi, lakini usije ukachomeka na feni ya mezani na chaja za simu za wateja, nakujua. Na weka kifaa cha kulinda umeme kabla ya mashine, hasa pale umeme unaporudi kwa kishindo. Kinacholeta PS4 nyingi kwangu ni umeme kurudi. Kukatika tu hakuna shida sana.

Pia mkumbushe mdogo wako, akinunua mtumba Kariakoo, ageuze mashine asome namba. Slim ni CUH-2 mwanzoni. Kama mtu analazimisha Pro, atafute inayoanza na CUH-72, zile za mwishoni, zina utulivu kuliko za kwanza. Na asikubali mashine yenye skrubu zilizong'olewa vichwa, hiyo imeshapita mikono mingi.

MtuWaMitwero

Sawa, kwenye banda mmenishinda, jenereta siwezi kubishana nayo. Lakini naona mnataka kuizika Pro yote. Tukija kwenye PS5 Pro mtasemaje? Novemba 2024, teraflopsi 16.7 kutoka 10.28, SSD TB 2. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alisema mwenyewe wachezaji wanachagua fremu nyingi badala ya picha kali kama robo tatu ya muda. Ndiyo ikatengenezwa mashine inayokupa vyote viwili. Hilo si hitaji la kweli?

pikseli_moja

Ni hitaji la kweli kaka, na umelieleza vizuri kuliko matangazo yao. Ila tazama namna walivyolijibu. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na PSSR, yaani gemu inachorwa kwa pikseli chache halafu mashine iliyofundishwa inajaza zilizobaki. Prosesa imebaki Zen 2 ile ile, ina nafasi ya kupanda hadi GHz 3.85 kutoka 3.5, basi. Kwa hiyo gemu ambayo prosesa ndiyo inaizuia isifike fremu 60, teraflopsi za nyongeza zitaisubiri prosesa pale pale.

Na ilipotoka bei ilikuwa dola 699.99, bila kisomea diski ndani. Hicho kisomea unakinunua pembeni. Ukifikisha Lindi na nauli na ushuru, hesabu mwenyewe.

Jibu langu kwa swali la mama la jumla ni kwamba nguvu inahitajika pale tu ambapo upande wa pili umeshabadilika. Mwaka 2016 TV za 4K zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, Pro ikawa na mahali pa kumwaga nguvu. Mwaka 2021 aliyeshika Switch mkononi tatizo lake lilikuwa kioo, Nintendo wakatengeneza kioo cha inchi 7. Miaka miwili kabla, 2019, tatizo lilikuwa betri, wakaleta chipu inayokula kidogo na betri ikatoka masaa kati ya 2.5 na 6.5 ikaenda kati ya 4.5 na 9, kwa bei ile ile. Hiyo ya betri hata jina jipya hawakuipa. Kwa mtu anayepanda basi la Dar kwenda Mtwara, niambieni ipi ilikuwa kubwa.

Babu_Mkuti

Ya betri. Barabara ndefu ile.

Mama_Banda

Ahsanteni sana, nimeshafanya uamuzi. Slim mbili sasa, ya tatu baada ya msimu. Nene moja iliyo na afya nafuu naibakiza, Fundi ataifungua, aisafishe, aibadilishie pasta ya kupozea prosesa na kuiwekea SSD. Chenji inayobaki kwa kutokununua Pro naongezea dari ya banda, maana nimemsoma Fundi pale kwenye nyuzi 32 nikaangalia juu nikaona bati tupu. Kumbe nilikuwa nataka kununua mashine ya kupambana na paa langu.

Wati zangu na mbili Slim na moja nene: 165, 165, 250, na TV 150. Inafika 730. Meza ya tatu itaendelea kuzimwa umeme ukikatika mpaka nipate Slim ya tatu. Nimekubali.

Mdogo wangu amenuna kidogo. Alishalipia Pro moja, anasema ataiuza mwenyewe.

MtuWaMitwero

Anauza? Ni CUH ngapi?

Mama_Banda

Nimempigia. CUH-72, skrubu zote zina vichwa vyake, padi moja. Bei hashuki sana, nakutonya mapema. Anapanda basi Alhamisi, na Mitwero basi linapita mlangoni kwako. Nikupe namba yake faragha?

MtuWaMitwero

Nipe dada. Ila mwambie nataka niione ikiwaka kabla sijatoa hela. Nitatoka na TV stendi kama ni lazima.

Fundi_Ligula

Inchi 55 stendi ya Lindi? Tuma picha.